Hivi Huyu ni Mwanasheria wa Jimbo au wa Chama?

Mxiu! Wazee wangu, leo niacheni nisonye, maana jambo lenyewe linakera. Tangu Januari 2025 ukifuatilia habari za Marekani, haipiti wiki bila kusikia majimbo yamemburuza rais mahakamani. Mara New Jersey, mara Oregon, mara California ambayo peke yake ilipitisha kesi 50 kabla mwaka ule haujaisha. Ukiyasoma majina ya wanasheria wakuu waliotia saini, wote ni Wademokrat. Rudi nyuma miaka minne, Biden akiwa Ikulu, orodha ilikuwa ndefu vilevile, ila majina yalikuwa ya Texas, Missouri, Louisiana na Florida, wote Warepublican. Ken Paxton wa Texas alifikia kesi yake ya 100 dhidi ya Biden, na ofisi yake ikaitangaza kama ushindi wa kombe.

Kijana mmoja hapa kaniuliza, "Mzee, sasa hiyo ni sheria au ni kampeni?" Ni vyote viwili, mwanangu, na ndiyo maana nasonya.

Tumjue kwanza mtu tunayemsema. Kwetu Tanzania Mwanasheria Mkuu wa Serikali anateuliwa na rais. Kenya rais anapendekeza jina na Bunge la Taifa linaidhinisha. Kule Washington nako yuko mmoja wa namna hiyo, wa serikali kuu, anayemtumikia rais aliyemteua. Huyo muwekeni pembeni. Ninaowasema mimi ni wale wa majimbo. Kila jimbo lina wake, na katika majimbo 43 kati ya 50 mtu huyo anachaguliwa na wananchi kwa kura. Katika majimbo matano gavana ndiye anayemteua, Maine anachaguliwa na bunge lao, na Tennessee anateuliwa na Mahakama ya Juu ya jimbo.

Hebu lifikirieni hilo. Mwanasheria wa serikali ambaye gavana hawezi kumfukuza, rais hana la kumfanya, na mwajiri wake ni mpiga kura! Mimi nikilisikia hilo mara ya kwanza niliona wenzetu wamepata dawa. Wangapi kati yetu hatujatamani siku moja mwanasheria wa serikali asimame amwambie mkubwa, hili hapana, sheria hairuhusu? Kule anaweza, na hakuna wa kumnyima mshahara.

Na wamewahi kuitumia vizuri nguvu hiyo. Mwaka 1994 Mike Moore, mwanasheria mkuu wa Mississippi, jimbo maskini kuliko mengi kule, aliyashtaki makampuni ya sigara. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ninyi mnauza sigara, watu wangu wanaugua, na gharama za matibabu zinalipwa na hazina ya jimbo langu, kwa hiyo rudisheni fedha. Walimwona amechanganyikiwa. Gavana wake mwenyewe alikwenda mahakamani kumzuia. Lakini majimbo mengine yakafuata moja baada ya jingine, ya Warepublican na ya Wademokrat, na Novemba 1998 makampuni manne makubwa yakatia saini makubaliano na majimbo 46: kulipa kiasi cha dola bilioni 206 katika miaka 25, na kuacha matangazo yanayowalenga watoto. Mississippi na mengine matatu yalikuwa yameshafikia makubaliano yao yenyewe. Hakuna bunge wala rais aliyekuwa ameweza jambo hilo.

Hata juzi juzi wamefanya. Dawa za kulevya za hospitalini, zile za kutuliza maumivu zilizoua maelfu kwa maelfu ya Wamarekani, zimewatoa jasho watengenezaji na wasambazaji kwa sababu majimbo ya vyama vyote viwili yalisimama pamoja; mwaka 2021 kampuni ya Johnson & Johnson na wasambazaji watatu wakubwa walikubali kutoa dola bilioni 26. Google nayo ilishtakiwa na serikali kuu pamoja na makumi ya majimbo ya pande zote, na Agosti 2024 Jaji Amit Mehta akaamua kwamba kampuni hiyo ilihodhi soko la kutafuta habari mtandaoni kinyume cha sheria. Kwa hiyo asije mtu akaniambia hawa watu hawawezi kukaa meza moja. Wanaweza, wakitaka.

Basi wameharibikia wapi?

Wapo wanaosema ni Trump. Wengine wanasema ni Obama. Mimi nasema angalieni vyama. Mwaka 1999 wanasheria wakuu wa Republican walijiundia chombo chao cha kukusanya fedha za uchaguzi. Mwaka 2002 Wademokrat nao wakaunda chao. Chama chao cha pamoja, kilichokuwapo tangu 1907, kikabaki, lakini fedha zilikuwa zimeshahamia kwingine. Kwa muda kulikuwa na ustaarabu: upande mmoja haukumwaga fedha kumwangusha mwanasheria mkuu wa upande wa pili aliyeko madarakani. Mwaka 2017 Warepublican wakautupa ustaarabu huo. Ebo! Mtu unayeshirikiana naye asubuhi kwenye kesi ya dawa za kulevya, jioni umechangisha mamilioni umng'oe kazini. Hapo ushirikiano utakaa wapi?

Na fedha haziji bure. Mwaka 2014 gazeti la New York Times lilifichua barua ambayo Scott Pruitt, mwanasheria mkuu wa Oklahoma, aliiandikia mamlaka ya mazingira ya serikali kuu mwaka 2011 akilalamikia hesabu zao za uchafuzi unaotoka kwenye visima vya gesi. Barua ina nembo ya jimbo na saini yake. Maneno yaliandikwa na wanasheria wa kampuni ya nishati ya Devon, yeye akabadilisha machache tu. Kisha mwaka 2017 mtu huyo huyo akapewa kuiongoza mamlaka ile ile ya mazingira! Wademokrat nao wasijipige kifua. Tangu mwaka ule wa 2017, fedha za tajiri Michael Bloomberg, kupitia kituo kimoja cha Chuo Kikuu cha New York, zimewalipa mawakili wanaokwenda kukaa ndani ya ofisi za wanasheria wakuu wakifanya kesi za mazingira. Kesi zenyewe nyingi naziunga mkono. Lakini wakili anayetumia muhuri wa umma alipwe na umma. Vinginevyo keshokutwa mwenye mafuta naye ataleta mawakili wake, na utamzuia kwa neno gani?

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo hasa lililonikalisha hapa.

Jaji mmoja wa wilaya akitoa zuio, je, linawalinda walioshtaki tu au nchi nzima? Mwaka 2015 Texas na majimbo mengine 25 walikwenda Brownsville, mpakani na Mexico, kwa Jaji Andrew Hanen, wakauzuia mpango wa Obama wa kuwapa nafuu wazazi wasio na vibali lakini watoto wao ni raia. Zuio likafunika nchi nzima. Wademokrat wakapiga kelele: jaji mmoja atawezaje kuitawala Marekani yote? Warepublican wakashangilia. Mwaka 2017 akaja Trump na amri ya kuwafungia mlango watu wa nchi saba, Somalia ikiwa mojawapo. Bob Ferguson wa jimbo la Washington akakimbilia mahakamani Seattle, na Jaji James Robart, aliyeteuliwa na Bush mdogo, akaizuia amri nchi nzima. Wasomali waliokuwa wamekwama viwanja vya ndege wakapata kupumua. Safari hii Wademokrat ndio walioshangilia, na Warepublican wakauliza lile lile: jaji mmoja? Akaja Biden. Texas na Missouri zikapata mazuio yao, Warepublican wakasema zuio la nchi nzima ni haki ya kikatiba, na serikali ya Biden ikaenda kuomba Mahakama ya Juu iyapunguze. Trump akarudi 2025, Wademokrat wakayakumbatia tena, na serikali ya Trump ikapeleka Mahakama ya Juu ombi lile lile.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Hakuna aliyeusema ukweli ule ule katika misimu miwili mfululizo. Hawa ni watu waliosoma sheria, jamani! Walikula kiapo. Refa akivaa jezi ya timu chini ya shati lake, hata penalti ya haki akiitoa nani atamwamini?

Na msidhani ni ugomvi wa wakubwa usiotufikia. Tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile ya kuapishwa, Trump alitia saini amri kwamba mtoto atakayezaliwa Marekani hatatambuliwa kuwa raia ikiwa mama yupo bila kibali, au yupo kwa kibali cha muda kama cha masomo au kazi, na baba si raia wala mkazi wa kudumu. Wangapi tuna ndugu wanaosoma kule kwa viza ya mwanafunzi, mke ana mimba? Katiba yao, katika marekebisho ya 14 ya mwaka 1868, inasema aliyezaliwa pale na kuwa chini ya mamlaka ya nchi ile ni raia. Kesho yake tu majimbo yakaanza kwenda mahakamani, mengine Boston, mengine Seattle. Walikuwa wamejiandaa tangu kabla ya uchaguzi, na kwa hilo nawapongeza bila kusita. Siku ya tatu Jaji John Coughenour wa Seattle, aliyeteuliwa na Reagan, akasimamisha amri ile akisema inaivunja Katiba waziwazi.

Majimbo yaliyoshtaki yalikuwa 22. Mengine 28 hayakushtaki, na wapo wanasheria wakuu walioandikia mahakama kumuunga mkono rais. Halafu tarehe 27 Juni 2025 Mahakama ya Juu, kwa kura sita dhidi ya tatu, ikaamua kwamba majaji wa chini hawana mamlaka ya kutoa zuio linalowafunika hata wasioshtaki. Ala! Ikawa mzazi anayeishi Texas anajiuliza kama mwanawe atazaliwa bila uraia, na mwenzake wa California hana wasiwasi huo, kwa Katiba ile ile moja. Ni kesi ya kundi iliyofunguliwa New Hampshire na wazazi wenyewe iliyowaokoa watoto wa nchi nzima, mwezi uliofuata. Mwanasheria mkuu wa Texas anawakilisha watu wote wa Texas, pamoja na watoto wanaozaliwa Houston na Dallas katika nyumba zinazozungumza Kiswahili. Alikuwa wapi?

Swali hilo hilo wamejiuliza watu wa Pennsylvania na Kentucky. Magavana wao ni Wademokrat, wanasheria wao wakuu ni Warepublican. Wanasheria wakuu wakakataa kuungana na kesi, ikabidi magavana waende kwa majina yao. Oktoba 2025 serikali kuu ilikuwa imefungwa kwa kukosa bajeti, na msaada wa chakula kwa watu wapatao milioni 42 ulikuwa unakaribia kukatwa. Majimbo yalipokwenda mahakamani Boston, Kansas, Kentucky na Pennsylvania ziliingia kupitia magavana. Chakula, wazee wangu! Mwenye njaa Kentucky hana chama tumboni. Kama kuna kesi mwanasheria wa watu hapaswi kuuliza rais ni wa chama gani, ni hiyo.

Halafu kuna uchaguzi wa majaji, maana siku hizi wakili hodari ni anayejua pa kupeleka jalada. Texas ina mji unaitwa Amarillo, ambako kwa miaka mingi karibu kila kesi ya madai iliangukia kwa jaji mmoja, Matthew Kacsmaryk, aliyeteuliwa na Trump. Mwaka 2021 Texas na Missouri zilimpelekea kesi ya kuulazimisha utawala wa Biden uendelee na sera ya kuwarudisha waomba hifadhi wasubiri Mexico. Akakubali. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikamkatalia, lakini katikati pale watu walishateseka. Wademokrat nao wana sehemu zao: Boston, Seattle, San Francisco, Rhode Island. Machi 2024 baraza linalosimamia mahakama za shirikisho lilishauri kesi kubwa kama hizi zigawiwe kwa bahati nasibu, asichaguliwe jaji. Seneta Mitch McConnell akawaandikia majaji wakuu wa mahakama hizo kwamba hawalazimiki, na mahakama ya kaskazini mwa Texas ikaamua kubaki na mtindo wake. Mxiu! Ushauri mzuri kama ule!

Lililovuka mpaka kuliko yote ni la Desemba 2020. Paxton alikwenda Mahakama ya Juu moja kwa moja kuyashtaki majimbo manne, Pennsylvania, Georgia, Michigan na Wisconsin, akitaka kura zao zilizompa Biden ushindi zisihesabiwe. Jimbo moja linataka kufuta kura za majirani zake! Wanasheria wakuu 17 wa Republican wakamuunga mkono. Tarehe 11 Desemba mahakama ikaitupa kesi kwa maneno machache: Texas haina haki ya kulalamikia jinsi jimbo jingine linavyoendesha uchaguzi wake. Majaji watatu wa mahakama hiyo waliteuliwa na Trump mwenyewe.

Lakini katika aibu ile kuna mtu mmoja ningependa mlikumbuke jina lake: Lawrence Wasden wa Idaho. Idaho ni Republican hadi kwenye mifupa, na Wasden mwenyewe ni Republican aliyekuwa mwanasheria mkuu tangu 2003. Walimtaka atie saini. Akakataa, akasema uamuzi ulio sahihi kisheria mara nyingine haupendezi kisiasa, na kwamba Idaho isingependa kuona majimbo mengine yakiingilia uchaguzi wake. Mei 2022 wanachama wa chama chake wakamwangusha kwenye kura za mchujo, wakamweka Raúl Labrador. Karibu miaka 20 ya kazi ikaishia hapo.

Na Wademokrat? Letitia James wa New York alifanya kampeni yake ya 2018 akiahidi kumwandama Trump, na hilo mimi silipendi hata kidogo: mwanasheria haendi kuomba kura kwa jina la mshtakiwa. Alimshtaki kweli, akapata hukumu nzito mwaka 2024, na Agosti 2025 mahakama ya rufaa ikaifuta faini yenyewe kwa kuwa ilipita kiasi. Lakini ni James huyo huyo ambaye ripoti yake ya Agosti 2021 kuhusu udhalilishaji wa wanawake ilimfanya Gavana Andrew Cuomo ajiuzulu, naye Cuomo ni Mdemokrat mwenzake. Kwa hilo nampa heshima yake. Na serikali ya Trump ilipomgeuzia kibao, ikamfungulia mashtaka ya mkopo wa nyumba Oktoba 2025, jaji aliyafuta mwezi uliofuata kwa kuwa mwendesha mashtaka hakuwa ameteuliwa kihalali. Visasi tupu. Ofisi ya sheria ikishaanza kutumika hivyo, aliye juu leo kesho yuko chini.

Mtaniuliza, kwa hiyo waache kushtaki? Hapana, hata kidogo! Rais anayevunja Katiba ashtakiwe, na 2025 kesi nyingi zilistahili kufunguliwa. Zile za uraia wa watoto na chakula cha maskini ningetia saini mwenyewe kama ningekuwa na muhuri. Lakini kesi njema inakosa uzito majaji wanapojua mlalamikaji angekaa kimya kama kosa lile lile lingefanywa na mtu wa chama chake. Inafika mahali mahakama haisikii hoja, inahesabu majimbo ni ya chama kipi. Na mlango ukifungwa, tunaumia hata tulio mbali. Juni 2018 Mahakama ya Juu ilihalalisha amri ya Trump ya kuzuia wasafiri katika kesi ya jimbo la Hawaii. Kwa mamlaka hayo hayo, Januari 2020 Tanzania iliondolewa kwenye bahati nasibu ya viza, hadi Biden alipofuta. Burundi iliwekewa vikwazo Juni 2025, na Desemba mwaka huo huo Tanzania ikaongezwa tena katika orodha. Kina mama wanaongoja waume zao waliotangulia wanalijua hilo kuliko mimi.

Sasa neno langu ni kwenu ndugu zetu mlioko kule mliokwishapata uraia, mlioko Minnesota, Ohio na hasa Texas. Novemba 2026 majimbo hayo matatu yote yanachagua mwanasheria mkuu. Wengi wenu hupigia kura gavana na seneta, halafu mstari huu wa chini mnauruka au mnafuata chama tu. Msiuruke. Mgombea akija msikitini, kanisani au kwenye sherehe zenu kuomba kura, mwulizeni jambo moja, na msikubali azunguke: rais wa chama chako akivunja sheria, utamshtaki? Akisita, kura yenu ina thamani zaidi ya hapo.